Papa Emile Akonkwa, Mupiga Foto wa Kahuzi na Nyiragongo

Padri wetu, wakubwa wa jamaa, majirani wa Nguba, na ninyi muliopanda boti kutoka Goma kuja kulia pamoja na sisi, mimi ni Joviale, mutoto wake wa kwanza, na Maman ameniomba niwasomee namna Papa yetu alivyoishi.

Papa Emile Akonkwa alizaliwa Miti, katika teritware ya Kabare, tarehe 14 Machi 1951, mutoto wa tatu wa muzee aliyefanya kazi kwenye shamba la chai, na kutoka mulango wa nyumba yao mulima Kahuzi ulionekana wote, asubuhi ikiwa safi. Alisoma primeri pale pale Miti, tangu 1957 mpaka 1963, akashuka hapa Bukavu kwa segonderi, lakini vita ya 1967 ilifunga masomo, na hakurudi tena darasani.

Mwaka 1969 Muzee Hadji Usman, wa jamaa ya wafanyabiashara Waislamu wa Uvira, aliyekuwa na studio ya foto hapa Nguba, alimupokea na kumufundisha kazi, kuosha filimu gizani, kujua kwa harufu dawa iliyochoka, na wakati muzee alipostaafu, mwaka 1981, alimuachia studio. Siku za kazi Papa alipiga foto za vitambulisho, za ubatizo na za ndoa, na siku ya Mungu, misa ikiisha, alibeba kamera na kwenda kutafuta milima, Kahuzi, volkano iliyolala zamani sana, na Nyiragongo kule Goma, ambayo moto wake haujalala. Foto za rangi zilipofika alizipiga ili tupate kula, lakini milima aliendelea kuipiga nyeusi na nyeupe, alisema rangi inafanya mutu aone haraka, na yeye alitaka mutu akawie kidogo juu ya ukungu na mawe.

Kitu kimoja kilimusumbua, mabati ya nyumba za Goma, yaliyoingia chini ya kila foto ya Nyiragongo, na kila alipotoa foto kwenye karatasi aliyakata, ili mulima ubaki peke yake.

Tarehe 7 Agosti 1976 alifunga ndoa na Maman Fabiola, binti wa Kavumu, mwalimu wa primeri, na Mungu aliwapa watoto watatu, mimi Joviale, Bruno na Tatiana. Nakumbuka sisi watoto tukingoja inje ya kile chumba cha giza, Papa anaimba ndani polepole, kisha anafungua mulango na foto ingali inatiririka maji, na Maman anakuwa wa kwanza kuiona.

Mwezi wa Oktoba 1996, vita ilipoingia muji, tulikimbia kwa miguu kuelekea Walungu, na katika ile haraka Maman aliacha sufuria na nguo, akafunga mugongoni kisanduku cha filimu zote. Papa alimuomba akitupe, aliogopa angeanguka njiani.

"Acha hiyo, Fabiola," alisema, "milima bado iko."

"Milima iko," Maman alimujibu, "lakini miaka yako yote iko humu."

Na alikibeba mpaka mwisho wa njia.

Halafu, tarehe 17 Januari 2002, Nyiragongo ilitapika, moto ukapita katikati ya Goma, ukafunika nyumba za watu. Miezi michache baada ya pale, mama mumoja wa Goma, Maman Salima, alifika studio na kuuliza kama Papa alipata kupiga foto upande wa kwao, na Papa, ambaye foto zake zote za ukutani zilikuwa zimekatwa, alirudi kwenye filimu zenyewe, akatoa moja nzima. Yule mama aliisogeza karibu na dirisha, kisha akaweka kidole juu ya bati moja.

"Hii ni jikoni ya mama yangu," alisema.

Papa hakukata tena foto hata moja. Watu wengi wa Goma walimufuata Maman Salima, kila mumoja alirudi na nyumba yake mukononi, na wengine kati yao ndio wamekaa hapa leo.

Tangu 2019 kisukari kilianza kuchukua macho yake, na mwanzo wa mwaka huu wa 2024 figo nazo zilichoka. Mwezi wa Mei aliomba nimupeleke Miti. Kahuzi ilikuwa imefunikwa na mawingu, na Papa, aliyekuwa haoni tena, aliniuliza kama imetoka, nikasema bado.

"Basi tungoje," alisema.

Tulingoja mpaka mawingu yakafunguka, nikamuambia mulima uko wazi, kuanzia juu mpaka mashambani, na watu wanalima. Alinipa kamera.

"Waache ndani," alisema, "piga wote."

Alituacha tarehe 4 Juni 2024, saa kumi na moja ya asubuhi, hospitalini hapa Bukavu, Maman akimushika mukono.

Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomuhangaikia, majirani wa Nguba waliolala kwetu juma hili lote, wapiga foto wenzake waliofunga studio zao leo, na ninyi wa Goma, ambao tumewaona mukiingia na foto zenu.

Papa, ulitufundisha kungoja bila haraka, sasa ni sisi tunakuambia usiwe na haraka yoyote, pumzika kwa amani.