Pantelis Karoutsos na Maua ya Mwisho ya Mlima

Marehemu Pantelis Karoutsos alizaliwa tarehe 27 Julai 1946 hapa Agriolos, siku ya Mtakatifu Panteleimoni, kwa hiyo hakuna aliyehangaika kumtafutia jina. Mimi ninayesoma ni Fotini, binti wa mdogo wake.

Alisoma shule ya kijiji hadi 1958, akaenda kubeba mizigo bandarini Pireas. Mwaka 1971 alirudi kurithi mizinga ya nyuki ya baba yake, akisema kule mjini hata nzi hana pa kutua.

Wanunuzi walisifu asali yake ya kiangazi, ya maua ya zaatari. Yeye alisifu Septemba, mlima ukiwa umekauka kabisa, kitunguu-mwitu kinapotoa ua refu jeupe kutoka kwenye udongo mtupu. Hapo nyuki walijiwekea akiba ya majira ya baridi, na asali hiyo hakuigusa kamwe.

Mwaka 1974 alimuoa Evdokia, wakajaliwa mtoto mmoja, Manolis. Siku ya harusi bwana harusi alichelewa kanisani kwa sababu kundi la nyuki lilihama mzinga asubuhi ile. "Nilijua mapema kuwa mimi ni mke wa pili," alikuwa akitutania marehemu Evdokia, aliyetangulia mwaka 2015.

Agosti 2021 mlima uliungua wote. Mizinga ilipona, na vitunguu-mwitu vilipona ardhini. Septemba ile maua yalisimama juu ya majivu, na kila nyuki, nyigu na kipepeo aliyebaki alikuwa pale. Mzee alilia kwa furaha, nilimwona.

Kisha ukaja mwaka mpya. Desturi yetu ni kutundika kitunguu-mwitu kimoja mlangoni ili nyumba ipate bahati. Baada ya moto, kimoja hakikututosha. Tulivichimbua kwa majembe, tukatundika milangoni, mazizini, hadi kwenye magari, na vingine tukawapelekea ndugu Athene. Mzee alipita nyumba kwa nyumba akituomba tuvirudishe ardhini.

"Mzee Pantelis, mimi nimeunguliwa na mizeituni," jirani yake Bi Anthoula alimwambia. "Mwaka huu nina shida ya bahati kuliko hao wadudu wako."

"Anthoula, dada yangu, umetundika chakula chao msumarini."

"Basi njoo mwakani ukichukue."

Hakuna aliyerudisha. Septemba iliyofuata mteremko ulikuwa mtupu. Aliwapa nyuki maji ya sukari, lakini baridi iliwamaliza, mzinga baada ya mzinga. Akaanza kupanda mbegu, ambazo huchukua miaka mingi kutoa ua. Alikuwa na umri wa miaka sabini na sita.

Tangu hapo alidhoofika. Daktari alisema ni moyo, nasi hatukubishana naye. Alifariki nyumbani tarehe 14 Septemba 2023, kitanda kikiwa kimeelekea dirisha la mlimani.

Ameacha mwana, Manolis, aliyeko Melbourne, wajukuu wawili, dada yake Stamata, na mizinga ambayo hakuna aliyeiomba.

Shada jeupe mnaloliona juu ya jeneza limeletwa na Bi Anthoula. Ni vitunguu-mwitu, alivikuta juu ya korongo vikiwa vimechanua. Nimemuuliza kama amebakiza vingine kule. Amesema, "Hapana, mwanangu, nilitaka mzee avipate vyote."

Lala, baba mkubwa. Mungu akupe pumziko.