Springi za Nyuma kwa Miaka Thelathini na Mmoja

Leo Ijumaa, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, fundi wetu wa springi amevua ovaroli yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana ya magari ya wagonjwa. Wengi wenu hamlijui hata jina lake la kwenye faili. Humu ndani yeye ni Fundi Nyuma. Injini ina wenyewe, umeme una wenyewe, lakini kuanzia ekseli ya nyuma kurudi mwisho wa gari, hapo usiguse, utasemwa mpaka ujute kuzaliwa. Mimi ni mtunza stoo wake kwa miaka ishirini na mitatu. Nimesemwa vya kutosha, ndiyo maana nikapewa kazi ya kuandika maneno haya ya kumuaga.

Alianza kwa kupaka grisi. Wakati huo barabara ya kwenda zahanati za milimani ilikuwa mawe matupu, na gari likienda zima lilirudi limekalia matairi yake. Yeye ndiye aliyekataa katakata springi kukazwa gari likiwa tupu. Alipita ofisi hadi ofisi akikusanya watu wapande nyuma, mzigo ukitosha ndipo apime. Mhasibu wetu aliulizwa kilo zake mbele za watu, akanuna wiki nzima. Na kwenye harusi ya mpwa wake, mzee mzima alishindwa kujizuia, akalikandamiza buti la gari la maharusi kwa viganja viwili aone shokapu zikoje. King'ora kikalia, bibi harusi akaruka. Radhi hakuomba. Alisema tu shokapu ya kushoto imekwisha.

Lakini sikukubali kuandika ili mcheke tu. Kuna jambo la miaka kumi na tisa iliyopita ambalo hataki kabisa lizungumzwe, nami leo nalizungumza, anune akitaka.

Mwaka ule springi zilikuwa zinavunjika kila mwezi. Meneja wa wakati huo akaamuru kila gari liongezwe majani mawili kila upande wa nyuma, yaani yale mabapa marefu ya chuma yanayopangwa moja juu ya jingine. Fundi akaongeza. Gari likawa gumu kama jiwe, madereva wakashangilia. Siku ya tisa muuguzi wa zamu akaingia karakana amefura, akasema mmelitengeneza gari mkawaharibu wagonjwa. Alikuwa amemleta bibi aliyevunjika nyonga, na bibi wa watu alipiga kelele njia nzima. Kesho yake fundi alilala mwenyewe kwenye machela, akafungwa mikanda, akamwambia dereva apite njia ile ile kwa mwendo ule ule. Alirudi anatapika. Akatoa jani moja kila upande na kufunga shokapu mpya. Meneja naye akamwandikia barua: springi ikivunjika, kazi huna. Fundi akaikunja, akaitia mfukoni, akaendelea na chakula chake.

Wiki ya tatu mgonjwa nikawa mimi.

Nilikuwa nimepanda milimani kumuuguza mama mkwe, na mimba yangu ya miezi minane, mara damu ikaanza kutoka. Pale zahanati wakasema kondo la nyuma limeziba njia ya mtoto, lazima nipasuliwe, na hospitali iko kilomita sitini. Wakasema tena, bila kunificha, kwamba nikirushwarushwa damu itafunguka na tutapotea wote wawili. Gari lililokuja ni lile alilolilegeza. Na fundi alikuwemo ndani. Hakuna aliyemtuma, alisikia tu ni mimi akapanda.

Alikaa sakafuni kando ya machela, kiganja kimebandikwa chini, anasikiliza springi zake. Tukikaribia shimo aligonga kioo cha dereva: mara moja punguza, mara mbili simama. Muuguzi alikuwa akibadilisha vitambaa na haniambii kitu, nikajua mambo si mazuri. Jamani, niliogopa. Nilikuwa namwomba Mungu anifikishe walau mtoto. Kilomita ya hamsini tukasikia chuma kinalia chini yetu, kah! Upande wa kulia ukashuka. Jani limevunjika.

Niliuona uso wa fundi. Sijawahi kuona mtu mzima akitishika vile. Akashuka, akaingia chini ya gari kwenye tope. Kuliinua gari ghafla kungeniyumbisha, kwa hiyo alizungusha jeki kidogo kidogo, na kila mzunguko alinisemesha kupitia sakafu: dada, napandisha; dada, tulia, bado kidogo. Akalifunga jani kwa mipira ya tyubu, akabana kipande cha tairi kati ya ekseli na chasi. Dakika kumi na saba kwa saa ya muuguzi. Tukamaliza kilomita zilizobaki kwa mwendo wa baiskeli, nikapasuliwa saa ile ile, na binti yangu akalia.

Fundi hakuingia wodini. Alikuwa uani, chini ya gari, naye analia. Dereva alimvuta miguu, hakutoka.

Meneja hakumfukuza. Muuguzi na dereva walikwenda kumweleza yote, akanywea. Aliyemhukumu fundi ni fundi mwenyewe. Kila nikianza kumshukuru ananikatiza: jani moja nililitoa mimi, ndiyo maana lililobaki likavunjika, nusura nikuue. Kisha anaingia chini ya gari lililo karibu. Miaka kumi na tisa nimeongea na viatu vyake.

Sasa nisikilize, kaka. Leo umekaa kiti cha mbele, umevaa suti, na ukumbini humu hamna gari. Daktari aliyenipasua aliniambia kwa kinywa chake kwamba damu ilikuwa imebaki kidogo mno. Muuguzi alipomweleza habari za springi, akasema kwa ugumu ule wa mwanzo nisingefika hata nusu ya njia. Jani lilivunjika, ni kweli. Lilivunjika kwa kupokea mishindo ambayo ningeipokea mimi na mwanangu. Hukukosea. Wala hukukaribia kuniua. Uliniokoa, na ulimwokoa yeye.

Karakana nzima inakushukuru kwa kazi na hata kwa masimango. Tunakuombea wewe na wifi afya njema, na usingizi usio na jani lile ndani yake. Huyo binti aliyekaa kando yako, mwenye gauni la bluu, ni wangu. Ameomba kiti hicho mwenyewe. Mgeukie, ana neno lake.