Naipanoi Kakuta na Hofu ya Mkono wa Baraka

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wetu mlioteremka kutoka Nainokanoka, majirani wa Rhotia na ninyi nyote mliokuja kulia nasi, mimi ni Lukresia, dada yake Remigius, mume wa marehemu, maana yake marehemu alikuwa wifi yangu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake, kazi niliyoikataa kwanza kwa sababu mdomo wangu mnaujua, nikaikubali nilipoambiwa kwamba yeye mwenyewe alitaka isomwe na mtu asiyeweza kuyapaka mambo sukari.

Marehemu Naipanoi Kakuta alizaliwa tarehe 14 Machi 1972 katika kijiji cha Nainokanoka, Ngorongoro, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Kakuta, ambaye tunaye hapa mbele, na mama yake aliyekwisha kututangulia. Kwa wale msiotoka kule juu nieleze kidogo, mtoto wa Kimaasai akikutana na mzee huinamisha kichwa, mzee akaweka kiganja juu ya utosi wake, na hapo mtoto amesalimia na amebarikiwa, ni jambo la kufumba na kufumbua, watoto wengine hawalifikirii kabisa. Naipanoi alilifikiria tangu alfajiri. Kiganja cha mtu kichwani kilimuunguza kama sufuria iliyotoka motoni, na wageni walipoonekana kwa mbali yeye alikuwa ameshaingia katika chumba cha ndama, ambacho kule huwa ndani ya nyumba, akajikunyata gizani katikati ya wanyama wale mpaka sauti za watu ziishe. Ikasemwa kwamba binti wa Kakuta anakataa baraka, na anayekataa baraka ya wazee anaiita laana, na baba yake, aliyempenda sana, akaingiwa na hofu, akamchapa kwa sababu ya hofu hiyo. Basi akajifunza kuinama, aliinama amebana meno, watu wakafurahi kwamba binti amepona, na tangu hapo hapakuwa na mtu aliyejua ndani yake mna nini.

Alianza shule ya msingi hukohuko Nainokanoka mwaka 1981, akamaliza darasa la saba mwaka 1987, na walimu walimsifu kwa utulivu, sifa iliyomchekesha kwa uchungu ukubwani, kwa kuwa hakuwahi kutulia hata siku moja, alikuwa akiwatazama wasichana wenzake jinsi wanavyocheka, wanavyotazamana machoni na kushikana mikono, kisha akayafanyia mazoezi peke yake malishoni ili asije akagundulika. Agundulike nini, hakujua, alijua tu kwamba kuna kitu na kwamba siku kikionekana atafukuzwa. Msichana akinyamaza kwa hofu tunamwita mwenye adabu, na wengi wetu hapa tumelelewa hivyo na tumelea hivyo.

Mwaka 1991 alishuka Karatu, akaajiriwa katika hoteli moja ya watalii, upande wa kufua na kupiga pasi, akaipenda kazi ile kwa sababu mashuka hayasalimii mtu. Meneja alipotaka kumpandisha akae mapokezi, awakaribishe wageni kwa tabasamu, alipandwa na homa ya kweli, akalala siku kadhaa, akarudi na kuomba abaki na pasi yake, wenzake wakamshangaa kwa kuitupa bahati. Hapo hotelini alikutana na kaka yangu Remigius, mkulima wa hapa Rhotia aliyekuwa akipeleka mboga, naye akamsalimia kutoka mlangoni bila kumpa mkono kwa kuwa mikono ilikuwa na udongo, na marehemu alikuwa akisema kwamba alimpendea hapohapo. Walifunga ndoa takatifu tarehe 8 Julai 1995 katika parokia yetu hii. Upande wetu wa Wairaqw tulimwona ana maringo, maana kwenye kila sherehe alikuwa akipotea, tukamtafuta, tukamkuta uani anaosha vyombo peke yake na ngoma zinaendelea, na Remigius, ambaye hana maneno, alikuwa akichukua kitambaa na kumfutia sahani.

Mungu aliwajalia watoto wawili, Simon aliyezaliwa mwaka 1997, na Angelina aliyezaliwa tarehe 2 Februari 2010, wakati watu walipokuwa wamekwisha kukata tamaa. Simon hakutulia, alipanda kila kinachopandika, akaacha ng'ombe wakaingia katika maharage ya majirani, tukasema mtoto wa kiume ndivyo alivyo, na leo anaendesha magari ya watalii kule kreta na riziki anapata. Angelina hakupanda kitu. Kwake yeye kuhangaika kulikuwa ndani ya kichwa, ungemtuma chumvi akarudi na kuni, angeanza kufagia akasahau ufagio mkononi, angekueleza habari za ndege aina moja tangu chai mpaka jioni, na ukimshika bega bila kumwambia alipiga kelele kana kwamba umemchoma. Marehemu alipoyaona hayo alijiona mwenyewe, akaogopa. Na kwa kuogopa alifanya kile alichofanyiwa, akamfundisha mwanawe kuinama, kutazama watu machoni, kucheka wenzake wanapocheka, akamfundisha kwa ukali usiokuwa wake, na kila jioni alijifungia akalia.

Desemba 2021 familia ilipanda Nainokanoka kwa Krismasi. Wazee wa rika la Mzee Kakuta walikuwa wamekaa nje, watoto wakapita mbele yao mmoja mmoja na kuinamisha vichwa, na ilipofika zamu ya Angelina alisimama, akatazama ule mkono unaomjia, akapiga ukelele ambao wengine wetu tunausikia hadi leo, akakimbia. Ukungu wa kule mnaujua, ukishuka mchana humwoni mtu wa hatua mbili, na chini ya boma kuna msitu na nyati. Wanaume wakachukua mikuki na kushuka msituni wakimwita, Remigius akaenda nao akijikwaa, wanawake wakaanza kulia kabla ya msiba, na mmoja wa wazee akasema kwa sauti kwamba laana iliyomkosa mama imempata mtoto. Marehemu alikimbia na wanaume hadi ukingo wa msitu, kisha akasimama. Akageuka, akaenda nyumba ya jirani yenye ndama, akainama kupita mlangoni, akaingia katika chumba cha ndama, na mwanawe alikuwa hapo, uso wake umezama shingoni mwa ndama. Hakumgusa wala hakumwita jina, alikaa chini karibu naye, wakakaa hivyo mpaka ukungu ukaondoka na wanaume wakarudi mikono mitupu wakiogopa kusema.

Mwaka uliofuata walimpeleka Angelina kwa daktari wa watoto mjini Moshi, mama mmoja mtulivu ambaye alimwacha binti achague mahali pa kukaa, akamuuliza marehemu mambo mengi, na marehemu, ambaye kwa kawaida hakumaliza sentensi mbele ya wageni, alieleza bila kupumua, mikono, kelele, hofu ya wageni, mazoezi ya kucheka. Daktari akaweka kalamu chini. "Mama," akasema, "haya unayonieleza ni ya mtoto, au ni ya kwako?" Marehemu akageuka kumtazama Angelina. Daktari aliwaeleza kwamba Angelina ana usonji, pamoja na ile hali ya akili kushindwa kutulia mahali pamoja, kwamba hivyo ndivyo ubongo wake ulivyoumbwa, hakurogwa wala hakulaaniwa, kwamba mara nyingi hali hizi hutembea katika ukoo, na kwamba kwa wasichana huchelewa kuonekana kwa sababu wasichana hujificha vizuri. Walirudi kwa basi, na walipopita Mto wa Mbu marehemu akamwambia mumewe maneno mawili tu, "Ni mimi." Remigius akajibu kwamba alikuwa anajua kitu kipo, alikosa jina lake tu.

Lakini jina halikumwondolea marehemu hofu, lilimwonyesha tu ukubwa wake. Katikati ya mwaka 2023 alianza kuumwa tumbo la chini, akakaa kimya kwa sababu alijua akisema atapimwa kwa mikono, na alipojilazimisha kwenda, alieleza maumivu kwa uso uleule wa mtu anayeulizia sabuni dukani, akapewa vidonge akarudishwa nyumbani, maana hapa kwetu mgonjwa asiyegumia haaminiwi. Saratani ya mlango wa kizazi iligundulika Februari mwaka huu wa 2025, ikiwa imekwisha kusambaa. Kilichomtisha hakikuwa kifo. Alituambia kwamba iko siku Angelina naye ataumwa, na hatagumia, na mama yake hatakuwepo wa kusema mwaminini.

Kisha likaja jambo la pili la kumtisha. Baadhi ya ndugu, kwa nia njema, walisema kwamba akishazikwa mama, binti apelekwe Nainokanoka, aombewe na wazee, afundishwe kuinama kabla hajawa mtu mzima. Marehemu aliyasikia akiwa kitandani. Julai Mzee Kakuta alipokuja kumwona, akanyoosha mkono ambariki, naye akamwomba asubiri. "Baba," akasema, "kila ulipoweka mkono kichwani pangu nilikuwa nangoja tu uuondoe. Sikupata baraka, nilipata hofu. Usimpe Angelina." Mzee akachukua fimbo yake, akaondoka bila kujibu, na marehemu aliangalia mlango ule kila siku iliyofuata. Alifariki hapa nyumbani asubuhi ya Jumanne, tarehe 19 Agosti 2025, bila kupata jibu. Ameacha mume, watoto wawili na baba mzazi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompunguzia maumivu, hasa yule muuguzi aliyekuwa akimwambia kabla ya kumgusa, inawashukuru majirani na jumuiya yetu, na wafanyakazi wenzake wa hoteli walioleta lile shuka lililomfunika, wamelipiga pasi wenyewe. Tunaomba radhi kwamba Angelina hatasimama kwenye mstari wa kupokea pole, mtamwona kule kwenye ghala la mahindi, mpeni pole kwa macho.

Limebaki moja. Mzee Kakuta alipofika asubuhi hii alimkuta Angelina pale ghalani, akasimama mbali, akaishika fimbo yake kwa mikono yote miwili ili usibaki mkono wa kunyoosha, akamsalimia, na binti akaitika. Kisha akaniita niongeze maneno yake katika historia hii, nami nayasoma kama alivyoyasema: "Mjukuu wangu anakaa kwa baba yake. Atanisalimia kutoka alipo, na baraka yangu itafika. Atakayemlazimisha kuinama, amenilazimisha mimi."

Naipanoi wifi yangu, hilo ndilo jibu la baba yako, limechelewa, tumelisoma mbele ya jeneza lako. Kumwogopea Angelina sasa ni kazi yetu. Wewe pumzika.