Mtungi wa Gesi na Homoni za Chuma

Benchi lililo nje ya kibanda cha kinyozi alilitengeneza Seremala kwa mkono wake, la mbao ngumu, refu la kutosha kubeba wanaume wanne na maneno yao yote. Asubuhi hiyo walikaa watatu: Seremala, Kinyozi na Profesa. Nafasi ya pembeni, ile iliyobonyea, ilikuwa ya Chuma, dereva wa lori mwenye kifua kipana na ndevu nyingi, ambaye sasa alikuwa kitandani kwa ile homa ya virusi iliyokuwa ikizunguka mtaani. Mkewe, Mama Pacha, ndiye aliyeanza kuugua. Alilala siku mbili, akaamka akafua. Chuma akalala moja kwa moja. Jambo hilo liliwakera wenzake, maana kama mafua yanaweza kumwangusha Chuma, basi wao wengine wamekwisha. Seremala alikuwa na wasiwasi kuliko wote, ila hakusema. Tangu jana kitu kilikuwa kinamkuna kooni, na kila kilipotaka kutoka alikizima kwa funda la kahawa.

Mwenye maelezo yote alikuwa Profesa. Hakuwahi kufundisha popote. Alikuwa fundi redio, na jina hilo alipewa kwa sababu husikiliza redio za wateja mpaka wenyewe waje kuzichukua. Alikuwa amemsikia daktari akisema kwamba virusi vya namna hii huwaelemea wanaume kuliko wanawake, na kwamba wanaume waliozidiwa walipopimwa, wengi walikutwa na homoni ya kiume kidogo. Kabla daktari hajamaliza, mwenye redio akaja akaondoka nayo.

— Kwa Chuma mimi nimeshaelewa, alisema Kinyozi. Homoni zote zimeishia kwenye ndevu. Kifuani hakuna kitu. Angeniachia nimnyoe, saa hizi angekuwa barabarani.

— Acha hizo, alisema Profesa. Homoni ya kiume ni kama bosi mkali. Virusi vikiingia anafoka, anagonga meza, askari wote wanakimbia huku na huku. Akichoka anaondoka na funguo. Wafanyakazi wanabaki nje.

— Na ya kike? aliuliza Seremala.

— Ya kike haifoki. Inapanga watu zamu.

— Ndiyo maana wanawake wanaishi kuliko sisi, alisema Kinyozi. Na ndiyo maana hawapati kipara. Ukichunguza, kirusi kinaona kipara kwa mbali, kinajua hapa pana mwanamume.

Seremala, mwenye kipara, alivuta kofia yake chini.

— Sasa mimi mniweke sawa, alisema. Jana ulisema homoni imepungua, leo bosi amezidi ukali. Huyu homoni ni adui au ni wetu?

Profesa alikunywa kahawa taratibu, kama mtu anayetafuta jibu chini ya kikombe. Alisema hilo ni suala la kitaalamu.

Swali lile Seremala alitakiwa kuliuliza jana, na alilijua hilo. Jioni walikuwa wamempigia Chuma simu, sauti ikiwa wazi ili wote wasikie. Profesa akamweleza kwamba dawa ni kuipandisha homoni, na homoni hupandishwa kwa kunyanyua vitu vizito. Kinyozi akaongezea kwamba hospitali ni ya watu dhaifu, aende baadaye. Chuma alijibu kwa kukohoa, kikohozi kirefu. Seremala alitaka kumwambia aende akaonwe. Lakini akimhimiza Chuma, na yeye na koo lake ataambiwa aende, na sindano alikuwa anaziogopa kuliko msumeno. Akapiga funda jingine la kahawa.

Ndipo Mama Pacha akatokea, kitenge kimefungwa haraka haraka, hajasalimia mtu.

— Shemeji zangu, nani kati yenu alimwambia mume wangu anyanyue mtungi wa gesi?

Kinyozi aliangalia kitana chake. Profesa aliangalia antena iliyokuwa juu ya paa la jirani.

— Ameunyanyua mara tatu, alisema. Sasa hamalizi neno bila kuhema, na kichochoro chetu gari haliingii. Nimechoka kumwambia twende. Anasema anasubiri homoni.

Seremala akasikia aibu imemjaa mpaka masikioni. Alisimama, akaondoa vikombe na birika juu ya benchi, akavipanga chini.

— Shikeni huko, alisema.

Walimbeba Chuma juu ya benchi lile lile, Mama Pacha akiwa mbele anafungua njia, wao watatu wakihema nyuma kwa uzito wa yule mtu na ndevu zake. Kliniki ilikuwa mwisho wa mtaa. Nesi alimhamishia mgonjwa kitandani, akamwekea hewa ya oksijeni, akawagawia wabebaji barakoa, akasema wamemwahi, ingawa kwa bahati tu. Profesa hakuweza kujizuia, akauliza habari za homoni.

— Ni kweli wengi waliozidiwa hukutwa nayo imeshuka, alisema nesi. Ila kama upungufu ndio uliowaangusha, au ugonjwa ndio ulioishusha, wanaotafiti bado wanabishana.

— Kama sisi, alisema Kinyozi.

— Wao wanapima kwanza, alisema nesi. Haya, nani mwingine kati yenu anakohoa?

Kooni kwa Seremala kile kitu kikaanza kupanda. Mkono wake ulitafuta kikombe ukakuta hewa. Kahawa yote ilikuwa imebaki kijiweni. Chuma, aliyekuwa akimtazama akiwa ndani ya barakoa yake ya oksijeni, alinyanyua kidole kimoja, ndicho kitu pekee alichoweza kunyanyua siku hiyo, akamwonyesha yeye.

Seremala akakohoa mpaka kofia ikaanguka.

— Mimi, dada, alisema.

Nesi akamwonyesha mahali pa kusubiri kupimwa. Viti vilikuwa vimejaa, kwa hiyo akakaa kwenye benchi lake mwenyewe, pale palipobonyea.