Mlango Uliopata Alama Zote

Mshonaji alikuwa amefumba macho kwenye basi, lakini sikio halilali na njaa. Kwenye kiti cha mbele yake, mwalimu wa useremala wa sekondari ya ufundi alikuwa akimbembeleza mama aliyekutana naye humo humo, amlete mwanawe shuleni kwao.

"Mwaka huu hakufeli hata mmoja, mama yangu."

"Kizuri chajiuza, mwalimu. Kibaya ndicho hujitembeza. Mbona nasikia madarasa ni matupu?"

Mwalimu akakohoa. "Tatizo ni mlango wa ofisi ya kuandikishia. Mwanafunzi wetu bora aliutengeneza kwenye mtihani. Tuliufunga siku ya mahafali, haujafunguka mpaka leo. Wazazi wanakuja, wanasukuma, wanarudi makwao."

"Na mkampa alama zote?"

"Swali lilitaka mlango ambao mwizi hawezi kuufungua. Wewe ungemkata alama kwa lipi?"

Mshonaji akauma ncha ya mtandio wake asije akacheka.

"Si mngeuvunja?"

"Kazi ya mtoto wa watu? Wakaguzi wameusifu sana."

"Waliingia?"

"Waliusifu kwa nje." Mwalimu akabadili mbinu. "Basi mlete asomee uchomeleaji. Hata mlango wa basi hili tumeutengeneza sisi, jana tu."

Basi likasimama kituoni. Kondakta akauvuta mlango, akauvuta tena, kisha akaupiga teke. Mlango ulitulia kama ukuta. Mwalimu akaanza kufuta miwani yake.

"Na aliyeutengeneza huu," mama akauliza taratibu, "alikuwa wa ngapi?"

"Wa pili."