Yunia Gesare Ondieki, Aliyeipigania Chemchemi ya Riamogire

Marehemu Yunia Gesare alizaliwa Nyacheki mwaka wa 1924, binti wa tatu wa Mzee Ombui na Mama Bosibori. Alisoma katika shule ya misheni hadi darasa la tatu, akaacha masomo mama yake alipougua. Biblia hakuiacha. Hata jirani aliyekuja kuomba moto alingoja mpaka sura iishe.

Tarehe 13 Juni 1943 alifunga ndoa na Alfayo Ondieki wa Riamogire, karibu na Keroka. Asubuhi ya kwanza alikwenda kuteka maji, akarudi na mtungi mtupu, kwa kuwa ng'ombe walikuwa wamesimama ndani ya chemchemi.

"Izungushie chemchemi ua kwanza," alimwambia mumewe. "Uji utangoja."

Alfayo alizoea kuwasimulia wageni huku akicheka: "Nilidhani nimeoa mke, kumbe nimeoa askari wa maji!"

Walimzaa Manasseh na wadogo zake wawili, wakalima wimbi na ndizi, na baadaye majani chai. Kila Ijumaa, kabla ya Sabato kuingia, Yunia aliwaongoza akina mama wa kanisa kuisafisha chemchemi. Hata kiangazi cha 1965 haikukauka.

Taabu ilianza mwaka wa 1967, mashamba yalipopimwa. Bonde la chemchemi, lililokuwa la ukoo mzima, liliandikishwa kwa jina la Machogu, mfanyabiashara wa Keroka. Machogu alifyeka mafunjo, akachimba mitaro, akapanda mikaratusi ya kuuza kuni. Yunia alisimama katika baraza la chifu.

"Baba zetu, miti hii inakunywa bila kushiba. Watoto wetu watakunywa nini?"

"Mama Manasseh, shamba ni langu," Machogu alimjibu. "Nenda ukapike."

Watu walicheka. Alfayo, ambaye alikuwa mmoja wa wazee wa kamati ya upimaji, aliinamisha kichwa.

Mvua za 1968 zilipoanza, Yunia na akina mama wenzake walishuka bondeni mchana kweupe, wakang'oa miche. Polisi walipotokea wenzake walitawanyika. Yeye aliketi palepale, mche mkononi. Alifungwa miezi mitatu Kisii. Aliporudi alikuta miche mipya imemfika magotini. Alipita nyumba kwa nyumba kuwaita wenzake tena.

"Dada, tuna watoto," walimwambia, na milango ikafungwa.

Miaka iliyofuata alikwenda peke yake kwa chifu na katika ofisi za wilaya. Kila mara aliambiwa arudi siku nyingine, naye alirudi. Alfayo alimsihi: "Mama Manasseh, tumeshindwa. Acha."

"Mimi nikiacha, nani atakwenda?" alimuuliza.

Mwaka wa 1974 chemchemi ilibaki tope. Januari mwaka huu ilikauka kabisa, na akina mama wakaanza kuteka mtoni, chini ya mahali ng'ombe wanaponyweshwa. Homa ya matumbo iliingia kijijini. Mwezi wa Februari ilimchukua mjukuu wake wa miaka mitano, aliyeitwa Gesare kwa jina lake. Yunia ndiye aliyemuuguza. Kabla matanga hayajaisha, naye aliugua homa ileile.

Alipelekwa hospitali Kisii, lakini dawa hazikusaidia. Alimshika mkono binti yake Mong'ina, akamwambia, "Msinizike upande wa bonde. Mizizi ya Machogu itanifikia." Alifariki Jumanne, tarehe 9 Machi 1976. Kaburi lake limechimbwa huku juu, karibu na mlango wake, kama alivyoomba.

Ameacha mumewe, Alfayo, watoto wake, Manasseh, Mong'ina na Mogaka, wajukuu saba, na dada yake, Mokeira wa Nyacheki.

Jamaa inawashukuru wote mliokuja. Maji ya kuwapikia yameletwa kwa mapipa kutoka Keroka, nayo hayatoshi. Tunaomba kila mmoja anywe kidogo, amwachie mwenzake.

Bwana ampe Yunia pumziko alilolikosa hapa kwetu.