Mwalimu Hilaria Telesphor wa Sekondari ya Bohari, 1928–1979

Baba Paroko, wazee wetu mliofika asubuhi hii kwa lori kutoka Mpimbwe, walimu, wanafunzi na majirani wa Misunkumilo: familia imenipa mimi, Eustace Telesphor, mdogo wake marehemu, kazi ya kuwasomea maisha yake. Yeye angetaka nisome kwa sauti ya kusikika hadi nyuma, na nisirefushe. Hilo la kwanza nitajitahidi.

Hilaria alizaliwa tarehe 14 Januari 1928 katika kijiji cha Mamba, Mpimbwe, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Telesphor na marehemu Mama Romana, wakulima wa mpunga. Alibatizwa wiki ileile na kupewa jina la mtakatifu wa siku aliyozaliwa. Alipokuwa na miaka kama tisa, kazi ya watoto wote wa kijiji mpunga ukikaribia kuiva ilikuwa kuamia ndege, na darasa la katekista lilibaki tupu mpaka mavuno. Hilaria aliwapanga wenzake kwa zamu: nusu shambani, nusu darasani, mchana wanabadilishana, na waliosoma asubuhi wanawaeleza wenzao waliyofundishwa. Siku moja ndege walishuka kwenye shamba la baba yetu kwa sababu mwenye zamu alikuwa bado anamalizia hesabu. Baba alimchapa Hilaria. Kesho yake zamu ziliendelea kama kawaida, ila shamba la baba likapewa watoto wawili.

Katekista ndiye aliyemwombea nafasi katika shule ya masista huko Ufipa. Alikwenda kwa miguu pamoja na wachukuzi wa misheni mwaka 1940, na hakurudi nyumbani mpaka alipomaliza shule ya kati. Aliendelea na chuo cha ualimu cha misheni hukohuko Ufipa, akapata cheti cha daraja la pili mwaka 1949. Alitaka kuendelea zaidi. Aliambiwa kwamba kwa msichana wa kwetu hapo ndipo njia inapoishia. Alirudi na cheti chake, akampikia mama chakula.

Mwaka 1951 aliletwa kufundisha shule ya msingi hapa Mpanda. Wakati huo mgodi wa madini ya risasi ulikuwa unafanya kazi, reli ilikuwa mpya, na mji ulijaa watu wa kila kabila. Stesheni kulikuwa na karani kijana, Makarius Nswima, aliyekuwa akimletea vifurushi vya vitabu kutoka Tabora yeye mwenyewe, ingawa kupeleka vifurushi haikuwa kazi ya karani. Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 26 Julai 1952, hapahapa parokiani. Mungu aliwajalia watoto wanne. Mmoja, Josephina, alitangulia akiwa mchanga. Shemeji yangu Makarius, uliyeketi hapa mbele, umewahi kuniambia kwamba ulioa mwalimu ukapata na shule juu yake. Leo tunakushukuru kwa vyote viwili.

Mgodi ulifungwa mwaka 1960. Wengi waliondoka na familia zao, nyumba zikabaki na popo. Dada alihimizwa naye aombe uhamisho akakataa. Mwaka 1964 akawa mwalimu mkuu wa shule yake ya msingi, na hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo wengi wenu mmekuja kumshukuru kwalo. Kila mwaka alikuwa akiwafundisha watoto mpaka darasa la saba, halafu wanachaguliwa wachache kwenda sekondari za mbali, wengine wote wanarudi nyumbani. Mwaka 1970 hakuchaguliwa msichana hata mmoja. Alisoma majina mbele ya shule, kisha akawaambia watoto, "Nendeni nyumbani mkawaambie wazazi wenu nawahitaji Jumapili baada ya misa."

Wazazi walikuja. Aliwapeleka mpaka pembeni ya mji, hapa Misunkumilo, mbele ya bohari la kampuni ya madini iliyoondoka. Milango ilikuwa imeoza na ndani kulikuwa na magunia ya saruji iliyoganda. Akasema, "Hii ndiyo sekondari yetu. Tuanze kwa kuitoa hii saruji." Mzee mmoja akamuuliza nani amewaruhusu. Dada akajibu, "Ruhusa nimeshaiomba. Ikifika itukute tumemaliza kufagia."

Kidato cha kwanza kilianza Januari 1972, shule ikiwa chini ya wazazi wenyewe. Ofisa mmoja wa elimu alikuja kukagua. Alikagua vizuri, hakuwa mtu mbaya, lakini alisema mwalimu wa daraja la pili hawezi kuwa mkuu wa sekondari. Sisi tuliokuwepo tulikasirika. Dada hakukasirika. Alimwambia, "Basi, ndugu, tuletee mkuu. Mimi nitamfungulia mlango." Mkuu aliletwa, akahamishwa, akaletwa mwingine. Marehemu alibaki makamu kwa miaka yote saba. Napenda ieleweke kwa wale wanaomwita mkuu wa shule: hakuwahi kuwa, na hakuwahi kulalamika kwamba siye.

Mwaka huohuo wa 1972, mahindi ya shule yakiwa yameanza kubeba, kundi la ng'ombe liliingia shambani likala karibu yote. Ng'ombe walikuwa wa Mzee Mabula Manyanda, aliyekuwa amehamia na mifugo yake kutoka Maswa mwaka mmoja kabla. Wenyeji walitaka apelekwe kwa mtendaji. Dada alikwenda mwenyewe bomani kwake, na mimi nilimsindikiza. Mzee Mabula alitukaribisha vizuri, akatupa maziwa, akamwita Dada mama kwa Kisukuma, akasema, "Mayu, kosa ni langu. Sema unataka ng'ombe wangapi."

Dada aliweka maziwa chini. Alikuwa anamtazama binti aliyekuwa amekaa mlangoni akimsomea bibi yake maandishi ya kwenye chupa ya dawa.

"Huyu kasoma wapi?"

"Ng'washi? Maswa. Kamaliza la saba. Imetosha."

"Mzee, mimi sitaki ng'ombe. Nataka huyu."

Mzee Mabula alicheka. "Mayu, unataka kuoa?"

"Nataka Jumatatu awe darasani."

"Na mahari yake je? Nimeshazungumza na watu."

"Waambie hao watu wangoje miaka minne. Wakichoka kungoja, utajua hawakuwa wakwe."

Mzee hakukubali siku ile. Tulirudi mikono mitupu, na kule shuleni walitulaumu kwamba tumekosa mahindi na tumekosa ng'ombe. Jumatatu ikapita. Jumatatu iliyofuata Mzee Mabula alitokea na binti yake nyuma na mtamba mbele, akasema mtamba ni kwa ajili ya maziwa ya wanafunzi, na binti ni kwa ajili ya Mwalimu. Tangu siku hiyo hakuna kazi ya shule ambayo Mzee Mabula aliikosa. Wasichana walikuwa hawana bweni, kwa hiyo Ng'washi na wenzake waliotoka mbali walilala nyumbani kwa marehemu. Shemeji Makarius alihamia chumba cha nyuma.

Desemba 1973 upepo wa mvua uling'oa paa la bohari. Shule ilipofunguliwa Januari hapakuwa na darasa hata moja lenye bati. Mkuu wa wakati huo alishauri wanafunzi warudi nyumbani kwa muhula mmoja. Dada alikwenda stesheni kwa mumewe. Sijui walizungumza nini. Najua kesho yake madarasa yalikuwa ndani ya mabehewa ya mizigo yaliyosimama kwenye reli ya pembeni, mbao za kuandikia zikiwa zimeegemezwa kwenye kuta, milango ikiwa wazi kupata mwanga. Injini ikija kupanga mabehewa, wanafunzi waliteremka na madaftari yao, wakasubiri, wakapanda tena. Wazazi walivua mabati kwenye nyumba za mgodi zilizoachwa, baada ya kuomba na kupewa kibali, na maksai wa Mzee Mabula wakayakokota. Mpaka Pasaka bohari lilikuwa na paa, la viraka, lakini halikuvuja.

Lililotupima zaidi lilikuja mwaka 1975. Kidato cha nne cha kwanza kilikuwa tayari kwa mtihani wa taifa, watahiniwa ishirini na wawili, Ng'washi akiwa mmoja wao. Ikaja taarifa kwamba shule isiyo na maabara haiwezi kuwa kituo cha mtihani. Watahiniwa wangeweza kupokewa na shule moja ya Tabora, au wangoje. Mkuu alisema, "Mama Hilaria, tungoje mwakani. Tutajenga maabara kwanza."

Marehemu alimjibu kwa heshima, mbele yetu: "Mwalimu, mwakani wasichana hawa watakuwa wameolewa, na wavulana watakuwa Urambo kwenye tumbaku. Maabara tutaijenga. Lakini hawa wanakwenda Ijumaa."

Tuliondoka kwa treni Ijumaa, tarehe 7 Novemba. Mtihani ulikuwa Jumatatu asubuhi. Mimi nilichukuliwa kwa ajili ya kubeba sufuria na unga. Mvua za mwaka ule zilikuja mapema na kwa nguvu, na tulipokaribia mto Ugalla treni ilisimama. Tuta la reli lilikuwa limekatwa na maji. Vyuma vinaning'inia hewani. Abiria waliambiwa treni itarudi Mpanda. Baadhi ya wanafunzi walianza kulia, na mimi nilidhani safari imeisha. Dada aliteremka kwenye matope akiwa ameshika viatu mkononi, akawaambia, "Shukeni. Vitabu kichwani. Hakuna aliyesema mtihani umeahirishwa."

Wafuga nyuki wa Ugalla, waliokuwa kambini karibu na hapo, walitulaza na kutulisha ugali na asali. Jumamosi walituvusha kwa mtumbwi wao, watu wachache kwa kila safari, marehemu akiwa wa mwisho kuvuka. Upande wa pili tulilikuta genge la mafundi wa reli na kiberenge chao, kigari cha reli chenye injini. Mnyapara wao, mtu wa makamo aliyelowa mpaka mifupani, alisema, "Mama, kiberenge hiki ni cha kazi. Si cha abiria."

Dada akasema, "Hawa si abiria. Wanakwenda kazini."

Mnyapara aliwatazama wale watoto, kila mmoja na madaftari yake ndani ya mfuko wa plastiki. Akamuuliza Ng'washi, "Nyie mnakwenda kufanya kazi gani?"

Ng'washi akamjibu, "Kesho kutwa asubuhi tuna mtihani wa taifa Tabora, baba. Tumesoma miaka minne."

Yule mtu aligeukia kiberenge chake. Alianza kuteremsha majembe yake. Alitupeleka kwa mafungu mpaka Usinge, ambako treni ya mizigo ilikuwa imezuiliwa, nayo ikatufikisha Tabora Jumapili jioni. Masista wa shule iliyotupokea walitupa maji ya kuoga. Jumatatu asubuhi wote ishirini na wawili waliingia kwenye chumba cha mtihani, na marehemu alikaa nje kwenye ngazi mpaka walipotoka.

Matokeo yalipokuja, kumi na saba walikuwa wamefaulu. Ng'washi alichaguliwa kidato cha tano. Mzee Mabula alikuja na matokeo yale, asiyoweza kuyasoma, akamwomba Dada amsomee jina la binti yake mara mbili.

Maabara ilijengwa, kama alivyoahidi. Matofali walichoma wanafunzi, na jengo lilifunguliwa mwezi wa Agosti 1977. Marehemu hakufundisha sayansi, lakini siku ya ufunguzi aliomba awe wa kwanza kuwasha jiko la gesi. Lilipowaka alirudi nyuma hatua moja, akalitazama, akasema, "Sawa. Sasa nani atasema tungoje?" Novemba ile mtihani ulifanyika hapahapa Mpanda, na hakuna mtoto aliyevuka mto.

Mwanzoni mwa mwaka 1978 miguu yake ilianza kuvimba. Alisema ni uchovu. Mwezi wa Agosti alipelekwa Tabora, madaktari wakaona kwamba figo zimeharibika kwa sababu ya shinikizo la damu la muda mrefu, na wakamwambia wazi kwamba hatapona. Aliwashukuru, akaomba arudi nyumbani. Kuanzia Januari mwaka huu hakuweza tena kutembea mpaka shuleni. Walimu walikuja kwake na ratiba, akawa anaisahihisha kitandani. Wiki chache kabla ya kufariki aliniita.

"Eustace, nikifa wasifunge shule."

"Dada, watu watataka kuomboleza."

"Waomboleze Jumamosi. Jumamosi hakuna vipindi."

Jumatano ya Majivu Baba Paroko alimpaka majivu na kumpa sakramenti. Kesho yake, Alhamisi tarehe 1 Machi 1979, saa nne asubuhi, alifariki dunia katika hospitali ya wilaya, mume wake na binti yake Bernadetha wakiwa wamemshika mkono. Tunawashukuru waganga na wauguzi waliomhudumia.

Ameacha mume, Ndugu Makarius Nswima; watoto watatu, Bernadetha, Skolastika na Telesphor; wajukuu watano; mdogo wake wa kike Verdiana, nami. Ameacha wanafunzi ambao hakuna aliyewahesabu. Mmoja wao, Ng'washi Mabula, amefika jana kutoka chuo cha ualimu, ambako anasomea kufundisha fizikia. Ameniomba niseme kwamba ameandika barua kuomba aletwe kufundisha hapa, na kwamba wasipomleta atakuja mwenyewe.

Leo ni Jumamosi, Dada, kama ulivyotaka. Jumatatu kengele italia saa moja na nusu, na kidato cha nne wana mtihani wa hesabu. Pumzika kwa amani ya Bwana. Darasa lina mwalimu.